Choo Kikijaa, Nani Atalipa?



Mmezoea kutusikia tukihesabu vyoo tulivyojenga. Leo tunaomba tuzungumzie yanayotokea baada ya utepe kukatwa na wageni kuondoka.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka ya mji. Nyingi hutumia shimo, au tangi ambalo mafundi huliita septiki. Tangi lililojengwa vizuri hufanya kazi bila umeme. Majitaka huingia chumba cha kwanza na kutulia. Vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea juu, na vijidudu huanza kulimeng'enya tope hilo. Maji ya katikati hupita kwenye bomba la umbo la T hadi chumba cha pili, kisha huenda kwenye shimo la kufyonza, ambako udongo huendelea kuyachuja.

Tufanye hesabu kidogo. Nyumba ya watu 10, kila mmoja akitumia lita 80, hutoa lita 800 kwa siku, nazo zinahitaji kutulia angalau siku nzima. Tope huongezeka kwa kadiri ya lita 40 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni lita 1,200. Kwa hiyo tangi la lita 2,000 ndilo dogo kabisa, na baada ya miaka 3 ni lazima linyonywe. Lisiponyonywa, tope hutoka pamoja na maji, huziba udongo, na uchafu huibukia uani.

Sasa tuseme ukweli wetu. Miaka ya nyuma tulijenga vyoo vya shule moja iliyo bondeni. Picha zilipendeza. Lakini hatukupima kina cha maji ya ardhini, na bajeti yetu haikuwa na hata shilingi moja ya kunyonya. Masika ya tatu mashimo yakajaa. Gari la kunyonya likashindwa kupita kichochoroni. Usiku mmoja wa mvua kubwa, choo kikatapishwa: ukuta wa shimo ulitobolewa, uchafu ukaachiwa uende na mafuriko. Majirani wa chini wanachota maji kisimani. Hatuwezi kuwalaumu waliotoboa. Sisi ndio tuliowaachia shimo lisilo na njia.

Hili si jambo la harufu tu. Wengi wetu tunakumbuka kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya nchi.

Kwa kamati zetu tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tupime kabla ya kuchimba. Shimo liwe mita 30 kutoka kisimani, na chini yake libaki walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, hata wakati wa masika. Pasipowezekana, choo kiinuliwe na tangi lisivuje. Maji yanayotoka tangini yanaweza kupitishwa kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, mfumo ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia utafiti.

Pili, kila tangi liwe na mfuniko unaofikika. Pale gari lisipofika, itumike pampu ya mkono, na tope lipelekwe kwenye mabwawa ya kusafishia, si mtoni.

Tatu, uwepo mfuko wa kunyonya. Mchango mdogo wa kila mwezi ni mwepesi kuliko deni la ghafla wakati wa mvua. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwenu wafadhili, ombi letu ni gumu kidogo. Kati ya vyoo 12 vilivyopangwa, tunaomba ruhusa ya kujenga 8 tu, na fedha zitakazobaki zitumike kunyonya na kukarabati vya zamani, tukianza na shule ile ya bondeni. Tunajua taarifa yetu itakuwa na picha chache. Tangi lililonyonywa halipigiwi picha. Lakini mtoto anayekunywa maji ya kisima kile hahesabu vyoo vyetu.

Tunasubiri jibu lenu kabla ya masika.