Tusifuate Nusu ya Mila



Leo tuzungumze juu ya kazi. Hebu tutazame njia ya kwenda gulioni siku ya soko. Nani amebeba tenga la kabichi kichwani? Mama. Nani ana mtoto mgongoni? Ni mama yule yule. Baba je? Mara nyingi yuko mbele, ameshika fimbo tu. Na jioni, fedha za mboga ziko mfukoni mwa nani? Jibu tunalijua sote.

Mwanamume akionekana anachota maji, watu hucheka. "Eti amelishwa dawa na mkewe!" Husema hiyo si kazi ya mwanamume, ni mila.

Haya, tuitazame mila yenyewe. Zamani hapa Usambara baba alikuwa na kazi nzito. Alifyeka msitu kupata shamba jipya. Aliwinda. Alilinda watu na mifugo. Mama alilima chakula, alichota maji, alitafuta kuni na kulea watoto. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake.

Leo msitu mkubwa uliobaki ni hifadhi, haufyekwi. Vita vya zamani vimekwisha. Mzigo wa baba umepungua. Wa mama je? Jembe ni lile lile, maji ni yale yale, na kuni ziko mbali zaidi. Kwa hiyo anayekaa kivulini na kusema anafuata mila, anafuata nusu ya mila. Nusu yake mwenyewe ameiacha!

Miaka ya 1950 wakoloni walitulazimisha kulima matuta kwenye miteremko, ili mvua isichukue udongo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia akina mama, juu ya kazi zao nyingine. Watu walichoka, wakapinga, na mpango ule ukafa kabla ya Uhuru. Lakini udongo bado unateremka. Wasambaa tuna neno: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Nchi haiponi kwa mikono ya mama peke yake.

Wengine husema kazi ya nyumbani si kazi, maana haileti fedha. Sheria haisemi hivyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika kupata mali ya ndoa. Tena, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Basi tufanye nini? Kwanza, baba achukue jembe, achimbe matuta ya ngazi, na abebe mzigo wa kwenda sokoni. Pili, fedha za mavuno zihesabiwe mezani, mume na mke wakiwa pamoja. Tuziandike daftarini. Tatu, watoto wa kiume wafundishwe kuchota maji na kupika kama dada zao.

Wakicheka, waache wacheke. Mtungi wa maji haumpunguzii mtu uanaume. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.