Usharika wa Kidia na Boma la Mangi



Wamisionari wa Leipzig walipofika Iramba mwaka 1911, kazi yao ilikuwa na umri wa miaka 18 huko Kilimanjaro. Miongoni mwa sharika kongwe za huko ni Kidia, Moshi ya Kale, uliokulia kando ya boma la Mangi.

Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliwapokea Waanglikana wa Uingereza mwaka 1885. Yeye alitamani mafundi na bunduki kuliko mahubiri. Alifariki mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli. Mwezi Juni 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao von Bülow akauawa. Wajerumani wakawatuhumu wamisionari Waingereza kuwa walimpatia Mangi silaha, nao wakahamia Taveta. Agosti 1893 Gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa, akamshinda Meli.

Walutheri walianza kazi Moshi mwaka 1896. Ndiyo kusema, walikuja nyuma ya mizinga, na jambo hilo halifai kufichwa katika kitabu cha yubile. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine. Waliosikia Injili siku zile walisikia pia habari za mti ule.

Mwaka 1910 Bruno Gutmann alishika usharika wa Kidia. Aliketi na wazee, akaandika sheria na desturi zao, akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu ambavyo Kanisa halina ruhusa ya kuvivunja. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vya kutunzana. (Wapo waliomlaumu, na si bila sababu, kwamba alipenda mno ya kale wakati vijana walikuwa na kiu ya elimu mpya.) Mwaka 1920 Wajerumani waliondolewa nchini. Kazi ya kufundisha na kuhubiri ikabebwa na walimu wenyeji, kabla hajabarikiwa mchungaji Mchagga hata mmoja. Gutmann alirudi mwaka 1926, akakuta usharika ungali hai.

Boma la Meli halikupata faraja kama hiyo. Septemba 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro wakati wa ukoloni vimelingana na vya wazao walio hai, likiwemo fuvu la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo.