UZI: Bei ya kwenye bango na bei ya kwenye chupa

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana hapa Kakamega. Wengi mliyaomba, nimeyaweka. Kama kawaida yetu, hakuna mwanasiasa wala chama kitatajwa.

1. Mnakumbuka Aprili 2022? Bei rasmi ya petroli Nairobi ilikuwa Sh134.72 kwa lita, huku kwetu juu kidogo kwa sababu ya usafiri. Bango liko, pampu imekauka. Hatua chache kutoka hapo, kijana ana chupa ya lita moja, anataka Sh250. Boda wa kunitoa Lurambe hadi mjini akaniitisha mia badala ya hamsini. Nikabishana naye. Akaniambia, "Bosi, mimi nimenunua kwa chupa, sijanunua kwa bango."

2. Kwenye midahalo, jambo hili hupewa majibu mawili. La kwanza: "Ni walanguzi, wakamatwe." La pili: "Nipeni kura, nitashusha bei." Yote mawili yanaruka swali moja: ni nani analipa tofauti?

3. Tuangalie vile ilikuwa. EPRA hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14. Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022, mafuta yakapanda duniani kote. Serikali ikazuia bei ya pampu isipande sana, ikaahidi kuyalipa makampuni pengo lililobaki. Pesa zikachelewa. Sasa wewe kampuni umeuza kwa bei iliyozuiwa, unangoja fidia, na meli inayofuata inataka hela. Utaharakisha kuleta mafuta? Serikali nayo ikayashutumu makampuni kwamba yanaficha mafuta na kupendelea kuuza nchi jirani. Mkuu wa kampuni moja kubwa ya kigeni hata akafukuzwa nchini.

4. Lita zikiwa chache na wanaozitaka ni wengi, lazima kitu fulani kiamue nani apate. Kama si bei ya bango, basi ni foleni, au kujuana na meneja, au pesa za kando. Yule kijana wa chupa alikuwa anauza saa zake za foleni. Hakuleta uhaba, aliukuta.

5. Sisemi kila mtu ni malaika. Ukijua tarehe 14 bei itapanda, na tangi lako limejaa tarehe 10, kishawishi kipo. Na kweli ilipanda, hadi Sh144.62 Nairobi. Anayeficha ashtakiwe. Lakini ukikamata mmoja na fidia bado haijalipwa, kesho atatokea mwingine.

6. Hapa ndipo panaponiuma. Kila lita tuliyonunua ilikuwa na tozo ya Sh5.40 ya maendeleo ya petroli, na mfuko huo ndio ulitumika kupunguza makali ya bei. Kwa hivyo mtu wa boda alilipa mara mbili: alichangia nafuu kupitia tozo, halafu akainunua chupa kwa Sh250. Aliyefaidi nafuu ni yule aliyefika kwenye pampu yenye mafuta.

7. Unga pia. Mwaka 2017, pakiti ya kilo 2 ya unga wa ruzuku iliwekewa bei ya Sh90. Bei nzuri sana. Lakini dukani rafu zilikuwa tupu, na ukibahatika unaambiwa pakiti ni moja au mbili kwa kila mteja.

8. Mimi sipingi ruzuku. Kuna nyumba ambazo bila hiyo watu hulala njaa. Lakini mtu akisimama kwenye jukwaa akaahidi kushusha bei, tusipige makofi kabla ya kumuuliza: Tofauti italipwa kutoka mfuko gani? Ndani ya siku ngapi? Na ikichelewa, nani atakosa kwanza, mtu wa Nairobi au mtu wa Shinyalu? Akijibu hayo, hata kama simpendi, nitamsikiliza.

9. Ile mia niliilipa, lakini nikiwa nimenuna njia nzima. Baadaye ndipo nikaelewa kuwa nilimkasirikia mtu wa mwisho kwenye mnyororo kwa sababu ndiye peke yake niliyemwona.

Maswali karibu hapa chini, matusi peleka kwingine.