Lengo la biashara ndogo lazima liwe na hesabu

Dada yangu, ndugu yangu mwenye kibanda, ukisema tu "nataka biashara ikue" bado hujaweka lengo. Piga hesabu. Tuseme wauza mahamri pale Majengo na unataka jiko la gesi la shilingi 9,000 kwa miezi mitatu. Hiyo ni mia kila siku. Kama hamri moja lakupa faida ya shilingi mbili, basi yatakikana mahamri 50 zaidi ya unayouza leo. Yataisha? Kama hayaishi usijidanganye, fanya miezi sita, mahamri 25. Ramadhani itoe kabisa, asubuhi wanunuzi huwa wachache. Na pesa ya jiko isikae pochi moja na ya unga, mtoto akitumwa sukari imeenda! Kila Ijumaa jioni fungua daftari, uhesabu ziko ngapi.