Saa ya Kubadilishana Zamu: Pemiti, Makabidhiano na Kinga ya Ajali katika Mitambo ya Gesi



Mada niliyopewa ni kinga ya ajali katika sekta ya mafuta na gesi. Uwanja huo ni mpana, nami nimeamua kusimama mahali pamoja tu: saa ile ambayo zamu ya mchana inatoka na zamu ya usiku inaingia. Tumetumia fedha nyingi kununua kofia, buti na mabango, na ni vyema. Lakini fundi anayeondoka anamwambia nini anayeingia? Hapo, kwa maoni yangu, tumewekeza kidogo mno, ilhali ndipo maafa makubwa kupita yote katika historia ya majukwaa ya mafuta baharini yalipoanzia.

Jukwaa la Piper Alpha lilisimama katika Bahari ya Kaskazini, kiasi cha kilomita 190 kaskazini-mashariki ya mji wa Aberdeen, Uskoti. Lilianza kutoa mafuta mwaka 1976, na baadaye likaongezewa mitambo ya gesi. Nyongeza hiyo ilisogeza mashine za kushindilia gesi karibu mno na chumba cha udhibiti, na kuta zilizokuwapo zilijengwa kuhimili moto, si mlipuko.

Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa lilikuwa na pampu mbili za kusukuma kondenseti, yaani mafuta mepesi yanayotengwa na gesi. Pampu A ilizimwa ili ifanyiwe matengenezo makubwa, na pemiti, yaani kibali cha maandishi cha kufanya kazi, ikatolewa. Pemiti nyingine ilitolewa kwa ajili ya valvu yake ya usalama, ambayo mafundi wa mkandarasi waliifungua ili ikapimwe. Jioni ikafika valvu haijarudishwa. Mdomo wa bomba ulizibwa kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kiasi cha kuhimili shinikizo. Pemiti ya valvu ilirudishwa, lakini zamu ya usiku haikuambiwa kwa mdomo kwamba valvu haipo.

Yapata saa nne kasoro robo usiku pampu B ilizimika, ikagoma kuwaka tena. Bila pampu hata moja, jukwaa zima lingekosa umeme. Wasimamizi wakatafuta pemiti, wakaiona ile ya pampu A, wakaelewa kwamba matengenezo yake hayajaanza, wakaamua kuirudisha kazini. Pemiti ya valvu hawakuiona. Karatasi hizo mbili hazikuwa zimefungamanishwa, na valvu yenyewe haikuonekana kutoka pale pampu ilipo. Ilipokaribia saa nne kamili kondenseti ilivuja penye kile kifuniko, ikalipuka.

Tuangalie walivyofanya wale watu. Hawakukurupuka kuwasha mashine. Walitafuta pemiti kwanza, kama walivyofundishwa. Walikuwa na uzoefu. Taarifa zetu nyingi za ajali zina mazoea ya kumalizia na maneno "uzembe wa fundi", kisha faili linafungwa. Mchunguzi ambaye angeandika hivyo kuhusu Piper Alpha asingejua kamwe kwamba utaratibu wenyewe ndio ulioficha habari ambayo wale watu waliihitaji.

Mlipuko wa kwanza uliharibu chumba cha udhibiti. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono, kwa sababu kulikuwa na wapiga mbizi majini na ilihofiwa wasije wakavutwa na maji yanayoingia kwenye pampu. Nia ilikuwa njema, lakini hakuna aliyeweza tena kuzifikia. Wafanyakazi wengi walikusanyika kwenye jengo la malazi wakisubiri helikopta, kama mazoezi yalivyowaelekeza. Moshi ulizuia helikopta kutua, na amri ya kuondoka haikutolewa. Wengi walifia humo kwa moshi. Baadhi ya waliopona ni wale waliovunja utaratibu wakaruka baharini.

Majukwaa jirani ya Tartan na Claymore yalikuwa yameunganishwa kwa mabomba na Piper Alpha. Yaliendelea kusukuma mafuta na gesi huku watu wao wakiuona moto kwa macho. Wakuu wa majukwaa hayo hawakujiona na mamlaka ya kusimamisha uzalishaji bila idhini ya nchi kavu. Dakika ishirini hivi baada ya mlipuko wa kwanza, bomba la gesi litokalo Tartan lilipasuka. Kati ya watu 226 waliokuwa jukwaani walipona 61. Ukijumlisha na waokoaji wawili, waliokufa ni 167.

Jaji Lord Cullen aliongoza uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, yote yakakubaliwa. Kubwa lao ni kwamba mwenye mtambo athibitishe kwa maandishi, kabla ya kuendesha, kwamba anazijua hatari zake na namna atakavyozidhibiti. Haitoshi tena kusema kwamba mkaguzi alipita na hakuona kasoro.

Kwetu Tanzania, gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme tangu mwaka 2004, na bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Miradi ya aina hii huleta wakandarasi wakubwa, wakandarasi wadogo chini yao, na vibarua wa vijiji vya jirani. Mara nyingi fomu ya pemiti huandikwa kwa Kiingereza, maelekezo ya asubuhi yakatolewa kwa Kiswahili, na wasimamizi wageni wakashauriana kwa lugha yao. Fundi anatia sahihi karatasi ambayo hajaielewa vizuri. Sahihi ya namna hiyo haimkingi mtu na chochote.

Maumbile ya gesi yanazidisha uzito wa jambo hili. Methani haina harufu wala rangi. Ikifikia kiasi cha asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja inatosha. Methani hupanda juu na kujikusanya chini ya dari; mvuke wa kondenseti hushuka na kulala kwenye mitaro. Kwa hiyo anayeingia zamu hawezi kuigundua hatari kwa pua wala kwa macho. Ni lazima aambiwe, kisha apime. Hali ni hiyo hiyo kwa nitrojeni inayotumika kusafisha matangi na mabomba: mtu ambaye hakuambiwa huingia tangini, huanguka bila kuhisi dalili, na mwenzake anayekimbilia kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa hiyo napendekeza makabidhiano yafanyike penye mashine, si ofisini. Anayetoka na anayeingia waende pamoja mpaka kwenye kila kifaa kilichofunguliwa, waguse kufuli na tagi, kisha ndipo watie sahihi. Dakika zinazotumika zilipwe kama saa za kazi. Zamu zikigusana bila nafasi ya kupishana, mtu mwenye familia inayomsubiri ataongea haraka na kuondoka, na hatuwezi kumlaumu. Pemiti zinazogusa mfumo mmoja, kila moja iandikwe namba ya mwenzake. Kifaa kilichokatwa kifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa fundi anayefanya kazi, kwa sababu kufuli humzuia hata asiyesoma karatasi.

Pia kila msimamizi wa zamu apewe barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba anaweza kusimamisha uzalishaji bila kupiga simu makao makuu, na kwamba hataadhibiwa ikibainika baadaye kuwa hofu yake haikuwa na msingi. Najua gharama ya kusimamisha mtambo wa gesi. Najua pia kwamba barua hii ndiyo itakayopingwa zaidi kati ya yote niliyosema, na ndiyo ninayoiombea nguvu zenu.

Baada ya chai tutagawanyika katika makundi. Kila kundi litapewa fomu ya pemiti inayotumika kazini kwake, na kazi yake ya kwanza ni kuiandika upya kwa Kiswahili ambacho kibarua aliyeajiriwa wiki hii atakisoma na kukieleza kwa maneno yake mwenyewe. Mahali mtakapokwama pawekwe alama nyekundu, tupajadili kwa pamoja alasiri.