Mbegu ya Nyanya za Nyumbani

Ndugu wakulima wa Karagwe na Kyerwa,

Leo nataka kusema nanyi habari za nyanya. Sisemi zile za biashara zipandwazo kwa eka, bali zile chache zipandwazo karibu na jiko. Katika vibanja vyetu ziko nyanya za zamani ambazo mwenyewe hakumbuki zilitoka wapi. Nyingine ni ndogo sana nazo hujiotea jaani. Nyingine ni kubwa, zina mikunjo, na ngozi yake laini hupasuka zikibebwa mbali. Mchuuzi hazitaki, lakini mchuzi unazitaka. Mbegu yake haiuzwi dukani. Ikipotea kwako na kwa jirani yako, basi.

Huulizwa: Bwana Shamba, kwa nini tusinunue mbegu ya kopo? Nunueni mkipenda. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 huko Tengeru, Arusha, ni mbegu njema, na ngozi yake ngumu hustahimili gari. Tena mbegu yake ukiikamua itazaa nyanya zile zile. Mbegu chotara sivyo. Watoto wa chotara hawafanani na mama yao wala wao kwa wao, na mwenye kupanda chotara lazima arudi dukani kila msimu na fedha mkononi. Mwenye mbegu ya zamani harudi, mradi aitunze.

Na hapo ndipo penye shida. Nyumba nyingi huchagua mbegu kapuni. Nyanya njema huliwa au huuzwa, na mbegu hutoka katika zile zilizobaki. Hata mtu akiteua tunda kubwa kuliko yote, hajui mama yake alikuwaje. Labda mmea ule ulizaa tunda hilo moja tu kisha ukafa kwa bakajani. Chagueni shambani, nyanya zikiwa bado kijani. Tafuteni mimea isiyopungua 6, yenye majani mazima na matunda mengi, hasa ile iliyosimama wakati jirani zake wameungua. Ifungeni alama ya kamba ya mgomba, na watoto waambiwe wasiichume.

Nyanya za mbegu zipandwe ili zizae wakati wa kiangazi. Mvua zetu za Septemba hadi Desemba, na za Machi hadi Mei, pamoja na baridi ya vilimani, huleta bakajani upesi. Sia kitaluni mwanzo wa Mei, hamisha miche mwezi wa Juni ikiwa na wiki 4 au 5. Maji mtabeba kwa ndoo, lakini tuta moja si kazi kubwa. Mwagilieni shinani asubuhi, msilowanishe majani.

Tuta liwe na upana wa futi 3, mahali penye jua, si chini ya migomba. Tieni samadi iliyooza vizuri. Pandeni mistari miwili, mche na mche futi 2, kila mmoja na mti wake wa kuegemea, na chini mtandaze majani makavu ya migomba ili udongo usirukie majani. Pasiwe mahali palipopandwa viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili au tumbaku katika miaka 3 iliyopita, kwani hizo zote ni ndugu na huambukizana.

Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina ukitumbukize katika glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma moto, wala usichukue mbegu hapo. Wengine hudhani ni mnyauko ule ule wa migomba. Sivyo, bakteria zake ni nyingine. Na kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, hupenda kiangazi: majani yenye mabaka meupe na matunda yaliyotobolewa yafukieni chini sana, msiyatupe jaani.

Matunda yenye alama yaacheni yaive kabisa. Yakateni, mkamue mbegu katika kikombe pamoja na maji kidogo, mweke kivulini siku 2 au 3, mkikoroga kila siku. Harufu yake si nzuri, msijali. Uchachu huo ndio uondoao utelezi na baadhi ya magonjwa yaliyoganda juu ya mbegu. Msipitishe siku, zisije zikaanza kuota. Kisha ongezeni maji: mbegu nzima huzama, hafifu huelea na kumwagwa. Osheni, anikeni kwenye sahani penye kivuli na upepo. Juu ya karatasi hushikamana, juu ya bati huungua.

Zikikauka kabisa, tieni katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, andikeni mwezi na mwaka, mweke mbali na moshi na joto la jiko. Hudumu miaka 3 au 4. Gawieni jirani nusu. Tuta lako likiungua, utakwenda kuomba kwake. Mwezi wa Aprili, kabla ya kusia, funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 8. Zikiota 16 au zaidi, sia kama kawaida. Zikiota 10, sia mara mbili.