Mfuko wa Kuku na Mfuko wa Nyumba

Mada iliyoandaliwa kwa vikundi vya wajasiriamali wa kata



Mfugaji wa kuku wa mayai hupokea fedha karibu kila siku, na kwa sababu hiyo anaweza kufilisika bila kujua. Mayai yakiuzwa, fedha huingia kwenye simu. Jioni simu hiyohiyo hulipa umeme, ada ya mtoto na mchango wa msiba. Hakuna aliyeiba, lakini chakula cha kuku kinapokwisha, salio halitoshi kununua hata mfuko mmoja.

Uchukuliwe mfano. Trei 10 zikiuzwa kwa shilingi 9,000 kila moja, mfugaji hupata shilingi 90,000. Akiondoa chakula cha shilingi 60,000, hujiona amebaki na faida ya 30,000. Bado hajaondoa chanjo, nauli ya bodaboda, makato ya kutoa fedha kwa wakala, wala bei ya kuku wenyewe, ambayo ndiyo husahaulika zaidi. Kuku huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kutaga, mayai hupungua ilhali ulaji uko palepale. Asiyeweka akiba ya vifaranga tangu trei ya kwanza hula mtaji akidhani anakula faida.

Simu husaidia ikitumiwa kwa nidhamu. Lipa Namba hutenganisha mauzo na fedha za nyumbani, na M-Koba huwawezesha wanakikundi kuona michango yao. Hata hivyo, taarifa ya miamala huonyesha tarehe na kiasi. Sababu ya matumizi huandikwa daftarini. Tena mkopo wa simu wa wiki chache haumfai kifaranga atakayetaga baada ya miezi minne na zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokopesha bila leseni.

Mikopo ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2), haina riba. Marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mtaji wa kikundi kinachosubiri. Yasiporejeshwa, anayeumia ni jirani.

Vikundi vinavyokusudia kuomba vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, vikiwa na daftari la hesabu, hata kama zimeandikwa kurasa mbili tu.